Siku ya Kumtia Nyamizi Majini

“Nionyeshe anayeuma,” nilimwambia fundi Gwasa.

Tulikuwa tumesimama mbele ya matangi ya Kituo cha Mazoea, na yeye alikuwa katikati ya hotuba yake ya samaki wapole. Mimi wapole sikuwataka.

“Anayeuma vipi, mama?”

“Si umesema wapo wanaowanyofoa wenzao mapezi? Hasa wenye mapezi marefu? Basi hao. Nifungie wawili.”

Sikudhani, tunayemwita Siku, binti wa mke mwenzangu, akacheka. Alidhani natania, maskini. Fundi Gwasa hakucheka. Ametuhudumia miaka, anajua ni nani kwenye familia yetu amewekwa kwenye samaki mwenye mapezi marefu.

“Tangi la pamoja ni kama nyumba ya kupanga, Bi Mwavita,” akasema. “Mpangaji hachaguliwi kwa sura. Unauliza kwanza, maji haya anayaweza? Maji yetu ya Ujiji ya Juu yana chokaa, samaki aliyezoea maji laini humpeleki humo. Kisha unauliza atakua kiasi gani, maana kadogo haka leo, kesho kanawameza wenzake. Halafu, anakaa wapi? Kuna wa juu, wa kati na wa chini, ukiwajaza wote chini ni ugomvi kutwa. Na wale wa kundi wanaingia kundi zima, la sivyo wanaishi kwa hofu. Mchokozi mimi simtii kwenye nyumba ya watu, hata unililie.”

“Nani analia? Haya, chagua wewe.”

Akachagua. Kundi la vidogodogo vya rangi ya fedha, wa kukaa juu, na kambale wawili wenye ndevu, wadogo kama kidole, wa kusafisha chini. Siku alimpenda mmoja mwekundu, fundi akakataa, akasema huyo akiona pezi linapepea hajizuii. Nilimtazama yule mwekundu kwa mapenzi kabisa. Tukamwacha.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Ziwa lilipopanda likafunika makaburi ya Ujiji ya zamani, tulihamia huku juu bila wafu wetu. Ndipo Kituo kikaja na vipuli. Unavaa kipuli sikioni ungali hai, kinakusanya mazoea yako: ukisikia nini unageuka, ukimwona nani unasogea, ukinuna unajificha wapi. Ukifa, mazoea hayo yanapandwa kwenye yai la samaki. Shehe wetu alisema mapema kwamba hiyo si roho, roho iko kwa Mwenyewe, hayo ni mazoea tu, kama kiatu kinavyobaki na umbo la mguu. Mimi nikaitikia vizuri sana, nikarudi nyumbani kukaa na samaki wangu.

Samaki wangu ni Songoro, mume wangu. Alikuwa fundi cherehani. Sasa ni samaki wa mawe, wa bluu, mkubwa kama kiganja, mwenye michirizi ya manjano ubavuni, na kila nikikaa kwenye kiti changu anatoka chini ya jiwe lake, anakuja kwenye kioo, analaza kichwa upande na kunitazama hivyo hivyo alivyokuwa akitazama mkono wa shati kabla ya kuukata. Miaka mitatu nimekuwa naye peke yangu. Wakati wa uhai wake sikuwahi kuwa naye peke yangu wiki nzima, tangu alipokwenda Urambo kushona sare za shule akarudi na Nyamizi, mke wa pili.

Na Nyamizi naye akafa. Akaacha wasia mmoja tu: awekwe na mumewe.

Kituo hakimtii mke kwa mumewe bila ridhaa ya mke mkubwa aliye hai. Kwa hiyo Siku alikuja kwangu, akapiga magoti pale sebuleni, mtu mzima, mwalimu wa chekechea, anaomba mama yake aingie. Kukataa ningeweza. Lakini mtaa mzima ungesema Mwavita ana wivu. Ninao, tena wa kutosha, ila sitaki usemwe na majirani.

* * *

Tangi likawa jipya, refu ukuta mzima. Fundi alisema la zamani ni dogo, na tena kila kona yake ni ya Songoro. Lile jipya lilikaa wiki na wiki na maji matupu, pampu inanguruma, mimi natazama mchanga.

“Unangoja nini?” nilimuuliza fundi. “Maji si meupe?”

“Meupe lakini mabichi. Samaki anakojoa humo humo anamolala, mama. Kuna bakteria wanaokula ule uchafu, na hao hawanunuliwi dukani, wanazaliwa polepole kwenye chujio na kwenye mchanga. Mpaka wawe wengi maji hayajaiva. Ukitia samaki leo, kesho unawatoa wamelala ubavu.”

Maji yalipoiva akatia wale wa fedha na kambale. Wakaishi. Kisha akaleta mawe ya Songoro, yote, kutoka tangi la zamani, ambako alimwachia vigae vichache vya kujifichia. Akayapanga kwenye tangi jipya kama yalivyokuwa, akiangalia picha. Jiwe kubwa la bapa kulia, mawili yamelaliana katikati, lile lenye tundu nyuma.

“Haya usiyaguse,” akaniambia. “Samaki wa mazoea hana kichwa kikubwa cha kuweka mambo yote. Ameyatundika kwenye mahali. Hapa jiwe, hapa kona, na hapo kwenye kona ndipo sura yako inapotokea. Akiyakuta mawe yake yamekaa vilevile, atakujua. Ukiyavuruga, yote yanaanguka, na hayapandwi tena.”

“Nimesikia. Songoro anaingia lini?”

“Wa mwisho.”

Nikadhani sijasikia. “Wa nini?”

“Wa mwisho, mama. Anza na mpole, malizia na mkali. Nyamizi ataingia kwanza, atachagua mahali pake, mazoea yake yatafunguka taratibu kwa wiki nzima. Songoro akija atamkuta mwenyeji. Ukianza na Songoro, ataona tangi lote lake, na kila atakayeingia ni mwizi.”

Yaani Nyamizi ndiye awe mwenyeji! Nyamizi atangulie nyumbani kwa mume wangu, achague chumba, kisha mume aingie amkute amekaa! Wapi umeona? Kwetu mke huletwa. Anamkuta mume ndani, na mke mkubwa mlangoni, na mke mkubwa ndiye anayemwambia karibu. Hata Nyamizi mwenyewe, siku aliyotoka Urambo na sanduku lake la bati, alisimama uani mpaka nilipomfungulia. Nilimsimamisha kidogo zaidi ya ilivyopasa, lakini nilimfungulia. Leo maiti wake apate heshima ambayo mzima hakuipata?

Sikubishana na fundi. Mafundi wanajua maji, mambo ya nyumba hawayajui. Alipoondoka nilimchota Songoro kwa bakuli, nikaliacha bakuli lielee kwenye tangi jipya mpaka joto likalingana, nikamwongezea maji mapya kikombe kwa kikombe, kama nilivyomwona fundi akifanya, nikamwachia. Akazunguka mara moja. Akaona mawe yake. Akaingia chini ya jiwe la bapa, akatoka, akaja kwenye kioo nilipokaa, akalaza kichwa.

“Umefika,” nikamwambia. “Wewe kwanza. Mgeni anakuja.”

Wiki ile nilikuwa na raha ambayo sijui niielezeje. Alichimba mchanga, akautema, akawafukuza kambale mpaka nyuma ya pampu. Nikasema huyo ndiye mwanamume mwenye nyumba.

* * *

Nyamizi aliletwa na Siku mwenyewe, asubuhi, ndani ya mfuko uliofunikwa kwa kanga ili mwanga usimshtue. Fundi alikuwa kwenye kazi kijiji cha pili, akatuagiza kwa simu. Sikumwambia nani yumo majini, na Siku alipomwona baba yake akashangaa.

“Mama mkubwa, si alisema baba wa mwisho?”

“Baba yako ampokee mama yako nyumbani kwake. Au unataka mama yako aingie kama mpangaji?”

Akaenda kuchukua ndoo. Ni mtoto mwenye adabu, hilo Nyamizi alilifanya vizuri.

Tukaufungua mfuko kwenye ndoo. Mweupe, yule. Mweupe wa lulu, mwembamba, na yale mapezi marefu yanayobaki nyuma kama mtandio. Loo, hata kwenye samaki walimchagulia uzuri! Mimi najua nitapandwa kwenye nini nikifa. Watanipa kambale.

Siku akafunga mpira mwembamba, maji ya tangi yakaanza kudondoka kwenye ndoo tone kwa tone. Hivyo ndivyo samaki anavyozoeshwa. Ukimtumbukiza ghafla kwenye maji asiyoyajua anapata mshtuko, na kesho yake amekufa bila kidonda, hakuna wa kulaumiwa. Siku akaenda kuchemsha chai. Nikabaki mimi na ndoo na ule mpira, na kifundo kidogo ambacho mtu akikilegeza matone yanakuwa mkondo.

Nilikishika kile kifundo, sifichi. Nikakishika mpaka vidole vikapata joto. Kisha nikakiacha, si kwa wema. Nilitaka aingie amkute Songoro ameniangalia mimi.

Tulipommwaga ndani, taratibu, Siku akanishika mkono. “Baba,” akaita kwa sauti ndogo, “mama amekuja.”

Songoro akatoka chini ya jiwe. Akamtazama Nyamizi. Michirizi yake ikakolea ikawa karibu nyeusi. Halafu akamwendea kama jiwe lililorushwa.

Mara ya kwanza alimpiga ubavuni. Nyamizi akageuka upande, akashusha mapezi, akaonyesha kwamba hataki ugomvi. Akampiga tena. Akamng'ata pezi la mkia, kipande cheupe kikabaki kinaelea. Wale wa fedha wakajibana pembeni kundi zima.

Na mimi moyo wangu ukafurahi. Niseme nini? Miaka yote nilimwona akimshonea Nyamizi magauni ya mikono ya kupuliza, mimi ananiambia nichague kitambaa mwenyewe. Leo amemwona, na anamfukuza. Na tena, wallahi, baada ya kumng'ata alikuja. Alikuja moja kwa moja kwenye kioo, kwangu, akalaza kichwa, kama anayeuliza: hivi ndivyo ulivyotaka? Tangu nimjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza Songoro kuwa upande wangu.

Kisha akarudi kumpiga.

“Mama mkubwa, anamuua!” Siku akapiga kelele. “Mtoe! Leta wavu!”

Nikampigia fundi. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, na mwisho wa pumzi nikasema Songoro alitangulia.

“Usilete wavu,” akasema. “Samaki wa mazoea akishagusa maji mapya hakamatwi mwezi mzima. Mshtuko wa kukamatwa unayakata mazoea, ya Nyamizi na ya Songoro vilevile. Ukimtoa Nyamizi sasa, utamtoa mzima, lakini utakuwa umetoa samaki tu.”

“Basi nitie kioo cha kuwatenga.”

“Kitapita wapi? Mawe yamejaa katikati.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo ukimwacha, atakufa kabla sijafika. Ukimtoa, mama yake Siku amekwisha. Au uyaondoe mawe, uyapange upya yote. Songoro akikosa mipaka yake hatakuwa na cha kulinda, ataanza upya kama mgeni, ataacha kupiga. Nyamizi hilo halitamdhuru, mazoea yake bado hayajafunguka. Lakini ya Songoro, wewe unajua yametundikwa wapi.”

“Sema.”

“Hatakujua, Bi Mwavita. Hatajua mtu. Mmoja lazima apotee, na mimi huku siwezi kukuchagulia.”

Siku alikuwa amesikia. Nilimwangalia nikitegemea ataniomba, ningejua la kumjibu akiniomba. Hakuniomba. Alikuwa ameegemea ukuta na viganja vyake mdomoni.

“Yule ni baba yangu pia,” akasema. “Nisemeje mimi? Fanya unavyoona, mama mkubwa.” Akageuza uso ukutani.

Nyamizi alikuwa amejibanza juu kabisa kwenye pembe, nyuma ya bomba la pampu, mkia umebaki nusu. Hakuwa anakimbia tena. Songoro alikwenda akampiga, akaja kwangu. Akampiga, akaja kwangu. Kila akija analaza kichwa vilevile, jicho lile lile moja, na mimi nilitamani ile kuja isiishe.

Nyamizi sikumpenda. Nilimchukia uso kwa uso, kwa maneno, na kwa kumsimamisha uani. Aliyajua yote na aliyajibu mengine, ulimi anao. Lakini hakuna siku niliyomwekea kitu kwenye chakula. Hakuna siku nilimfungia mlango usiofunguka. Nikiketi pale nitazame mpaka aelee, nitakuwa mtu gani? Na kila siku Songoro akija kwenye kioo nitakuwa natazamana na yule aliyeniulia. Nilimwingiza Songoro kwanza kwa kiburi changu mwenyewe, Nyamizi hakuomba kutangulia wala kufuata.

“Songoro,” nikamwambia. “Nisamehe baba.”

Nikavua bangili, nikaingiza mikono mpaka kwapani.

Alikuja kwenye mikono yangu. Hakuiogopa, aliizoea, alidhani namletea kitu. Akapita katikati ya vidole nilipokuwa nalishika jiwe la bapa. Nikalivuta. Lilikuwa zito, na ukingo wake mkali, likanichuna kiganja, damu ikatoka ikasambaa kama uzi. Nikalisukuma kushoto. Nikayabomoa yale mawili yaliyolaliana. Lile lenye tundu nikalilaza kifudifudi. Mchanga ukatimka maji yakawa matope, sikuona kitu, nikaendelea kupapasa na kusukuma, nalia kwa sauti mpaka majirani wakagonga mlango, na Siku akawaambia hakuna kitu, tunasafisha tangi.

* * *

Maji yalipotulia Songoro alikuwa amesimama katikati, hana pa kwenda. Rangi ilikuwa imemtoka. Nyamizi yupo pembeni, hai. Wakatazamana, hakuna aliyemgusa mwenzake.

Nikakaa kwenye kiti changu. Nikasogea kwenye kioo. Songoro aliponiona akakurupuka, akajificha nyuma ya pampu, kama anavyofanya samaki yeyote akimwona mtu.

Fundi alipofika hakunigombeza. Aliitazama mikono yangu iliyofungwa vitambaa, akapima maji, akasema yako sawa. “Ni samaki tu sasa,” akasema kwa upole.

“Najua ni samaki. Mimi si mtoto.”

Siku akawa anakuja kila akitoka shuleni. Mkia wa Nyamizi ukaota tena. Mazoea yake yakafunguka kama fundi alivyoahidi: Siku akiingia anamfuata kutoka pembe hii mpaka ile, akiimba anapanda juu. Siku alilia alipoyaona hayo, akanibusu mikono yote miwili. Nilimwacha abusu. Ndani nilikuwa naungua, maana yeye ana mtu wa kumfuata kwenye kioo, na mimi nakaa pale kama mtu anayetazama dirisha la jirani.

Jana alikuja akanikuta nimekaa, akataka kunisalimia, akasita.

“Mama mkubwa! Tazama baba anafanya nini!”

Nilikuwa nimeshaona. Tangu mchana nilikuwa naona. Songoro amepata mahali, kule kushoto, chini ya jiwe la bapa. Amechimba shimo, mchanga wote ameutema nje, pamekuwa safi. Rangi imemrudia, ya bluu kuliko zamani, hata sikujua kwamba samaki anaweza kuwa na bluu ile. Naye amesimama mbele ya Nyamizi, amekunjua mapezi yote, anatetemeka mwili mzima, anakwenda shimoni, anarudi, anatetemeka tena, anamwonyesha njia. Hana kumbukumbu hata moja. Hajui Urambo wala cherehani. Samaki wote wale wamejaa humo, na amemchagua yeye.

Na Nyamizi anayemkumbuka, anayemjua vizuri sana, akashusha mapezi yake marefu, akaingia.

Mimi kwa mwanamume huyu niliozeshwa na wazee, sijawahi kutetemekewa hivyo. Nyamizi amechaguliwa mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa yakiwa yameshapita. Mara hii mimi ndiye niliyebomoa nyumba yangu kwa mikono nikawatengenezea chumba.

Siku alikuwa ananitazama, anangoja niseme neno, hajui acheke au anipe pole. Nikafuta kioo mahali nilipokuwa nimepumulia.

“Kalete chakula chao,” nikamwambia. “Maharusi wana njaa.”